Kwa nini jini unayochanganya nyumbani haifanani na ya baa?

Umenunua jini, toniki na ndimu. Umechanganya mwenyewe, lakini ukionja unakuta kitu kikali kama spiriti ya kusafishia vidonda, au maji ya sukari yenye uvuguvugu. Shida iko wapi? Mara nyingi siyo bei ya chupa, ni kipimo. Na kipimo hichohicho ndicho kinachokulinda. (Kama hunywi pombe, una ujauzito au utaendesha gari, soma tu kwa ajili ya kemia, inatosha.)

Tuanze dukani

Jini ni ethanoli na maji, iliyotiwa harufu za mimea. Mmea mkuu ni junipa, ambayo ina kemikali iitwayo pinini, ileile iliyomo kwenye misonobari. Ndiyo maana jini hunukia kidogo kama mbao mbichi. Mingine unaijua kabisa: giligilani kama za kwenye pilau, iliki, maganda ya limau na chungwa. Uganda Waragi nayo ni jini, kwa hiyo kinywaji hiki si kigeni kwetu.

Soma asilimia kwenye lebo. Umoja wa Ulaya unataka jini iwe na ethanoli angalau 37.5%, na nyingi ziko kati ya hapo na 47%. Kisha kagua kizibo: kiwe hakijafunguliwa, na chupa itoke kwenye duka linaloaminika. Pombe ya magendo inaweza kuwa na methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayopofusha na kuua. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa hivyo nchini Kenya. Ulimi na pua havitakuambia, na ndimu haiiondoi.

Jini na toniki: baridi kwanza

Gesi ya kaboni dioksaidi huyeyuka vizuri kwenye maji ya baridi na hukimbia kwenye ya moto. Kwa hiyo weka toniki kwenye friji saa kadhaa kabla. Jaza glasi barafu kubwakubwa mpaka juu. Usiogope kwamba barafu nyingi itaharibu kinywaji kwa maji. Ni kinyume chake. Barafu chache hupata joto haraka na kuyeyuka zote, lakini zikiwa nyingi hupoza upesi na kubaki. Mimina jini mililita 50, halafu toniki 150 polepole ukiinamisha glasi. Koroga mara moja tu, usifukuze gesi.

Jini na ndimu: uwiano

Hapa unahitaji jini mililita 50, maji ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi 25, na shira 20. Shira ni sukari na maji ya moto, kiasi sawa, ikiachwa ipoe. Weka vyote kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko, ongeza barafu, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, kisha chuja.

Kutikisa kunafanya nini? Kila gramu ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la jouli 334 hivi. Na kwa kuwa ethanoli hushusha kiwango cha kuganda, mchanganyiko unaweza kwenda chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Wakati huohuo maji yanaingia, na maji hayo ni sehemu ya mapishi. Tuseme yameingia mililita 35: jini ya 40% sasa imekuwa kinywaji cha 15% hivi.

Onja baada ya kupoza, siyo kabla. Ulimi ukipoa hupunguza kuhisi utamu, kwa hiyo kilichokuwa sawa kikiwa na joto kitakuwa kichachu kikiwa baridi.

Sasa piga hesabu

Mililita 50 za jini ya 40% zina ethanoli mililita 20, sawa na gramu 16 hivi. Bia ya mililita 500 yenye 5% ina kama gramu 20. Hazipishani sana. Lakini ukimimina kwa jicho, 50 hugeuka 100 kirahisi, yaani gramu 32 kwenye glasi moja. Na kadiri ulivyosawazisha ndimu na shira vizuri, ndivyo ukali unavyojificha. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa na kuoga maji ya baridi haviongezi kasi hiyo.

Huna kipimo cha baa? Tumia kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari ya mililita, au kijiko kikubwa cha kupimia, ambacho ni mililita 15.

Vipi, toniki inatibu malaria?

Hapana. Ni kweli uchungu wa toniki unatokana na kwinini, na ukiimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia utaiona iking'aa bluu. Lakini angalia kiasi. Sheria ya Marekani inaruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 hivi kwa lita. Dozi ya kwinini ya malaria ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, mara tatu kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 1,800, yaani zaidi ya lita 21 za toniki kila siku! Kwa hiyo ukihisi homa, nenda kapime.

Kwa kifupi: chupa iliyofungwa, vitu vya baridi, barafu nyingi, ndimu mbichi, na kikombe cha dawa mkononi. Jicho liachie kazi ya kufurahia rangi.