Sonona Inayokuja Kliniki kwa Jina la Maumivu

Sonona ni ugonjwa wa akili unaoushika mwili pia, na katika zahanati nyingi za Bonde la Ufa mwili ndio unaotangulia kulalamika. Mgonjwa kutoka Bahati, Elburgon au Mai Mahiu hafiki kwa daktari akisema amekata tamaa. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, kifua kimembana, tumbo linamchoma na usingizi umempotea. Mara nyingi huongeza kuwa ana mawazo mengi, lakini maneno hayo huchukuliwa kama habari za maisha tu, na kwenye karatasi ya maabara vinaandikwa vipimo vya malaria na homa ya matumbo.

Hali hii si ya Wakenya peke yao. Shirika la Afya Duniani liliwachunguza wagonjwa wa kliniki za kawaida katika nchi 14, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa kati ya watu 1,146 waliokuwa na sonona, asilimia 69 walikuwa wamekwenda kutibiwa dalili za mwili tu. Miji iliyohusika ni pamoja na Ibadan, Paris, Seattle na Shanghai. Kila mahali mgonjwa humpelekea daktari kile anachoamini daktari anaweza kukitibu.

Nakuru kosa la kutoitambua sonona huwa ghali. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo na Mau Narok juu zaidi, na malaria haienei katika baridi hiyo kama inavyoenea Kisumu au Kilifi. Hata hivyo mtu mwenye uchovu na maumivu ya viungo huweza kupewa dawa za malaria tena na tena. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sana, kinaweza kuonyesha homa ya matumbo kwa mtu aliyeugua zamani akapona. Ukifungua mfuko wa mgonjwa wa namna hii unakuta vidonge vya kutuliza maumivu, dawa ya vidonda vya tumbo, antibiotiki zilizoachwa katikati na karatasi za vipimo vilivyorudi safi. Fedha zinakwisha, maumivu yako palepale, na mwenyewe anaanza kuamini ana saratani ambayo madaktari wanamficha.

Usingizi ndio wa kwanza kuulizwa. Mwenye sonona anaweza kusinzia mapema kwa uchovu, kisha akaamka saa tisa au saa kumi usiku, saa mbili au tatu kabla ya wakati wake, asilale tena mpaka kunapambazuka. Kwa wengi asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote, na jioni hupata ahueni kidogo. Mpangilio huo humsaidia mtabibu, kwa sababu uchovu wa kazi huenda kinyume chake: mtu huamka na nguvu na kuchoka jioni. Chakula hupoteza ladha na nguo huanza kupwaya, ingawa wapo wachache wanaokula na kulala kupita kiasi. Choo kinakuwa kigumu, hedhi hukosa utaratibu, hamu ya tendo la ndoa huisha. Moyo hudunda pasipo sababu. Wengine husema kichwa kinawaka moto, au kuna vidudu vinavyotembea ndani ya fuvu, na daktari asiyeyajua maelezo hayo anaweza kudhani mtu amerukwa na akili.

Kasi ya mwili nayo hubadilika. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha, aliyezoea kumaliza mafungu yake kabla ya wenzake, sasa anashika shina la waridi na kulitazama tu, majani ya chini hajayang'oa, mikono mizito kama iliyofungiwa mawe. Akiulizwa neno, jibu linachelewa na sauti haisikiki vizuri. Msimamizi humwandika kuwa mvivu. Kwa wengine mambo huwa kinyume: hawatulii kitini, wanasugua viganja, wanatembea chumbani huku na huko. Wanaume wengi huonyesha hasira na kuzidisha pombe kabla ya kuonyesha huzuni, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi hutambua ugonjwa baada ya kazi kupotea au ndoa kuvunjika.

Maumivu ya mwenye sonona ni ya kweli, na kumwambia mgonjwa kuwa anajifanya ni kumdhulumu. Serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazohusika na hali ya moyo, husaidia pia kupunguza nguvu ya ujumbe wa maumivu unaopanda kupitia uti wa mgongo. Utaratibu huo unapoyumba, maumivu madogo ambayo mwili ungeyapuuza huanza kusikika kwa nguvu. Mfadhaiko wa muda mrefu pia huweza kuifanya tezi iliyo juu ya figo iendelee kumwaga homoni ya kotisoli, inayovuruga usingizi, tumbo na kinga ya mwili.

Ugonjwa wenyewe hautokani na chanzo kimoja. Urithi una sehemu yake: mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu amewahi kuugua sonona ana uwezekano wa kuugua ulio mara mbili hadi tatu ya ule wa wengine. Lakini urithi peke yake mara nyingi hautoshi, na katika Bonde la Ufa historia imeongeza mengi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na kuwang'oa zaidi ya 600,000 makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi. Kwa familia nyingi za Molo na Njoro hiyo haikuwa mara ya kwanza, kwani mapigano ya mwaka 1992 na ya 1998 yalikuwa yamekwisha kuwafukuza. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilivunja kingo usiku na kuua watu zaidi ya 40. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu kabla ya alfajiri na kubeba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Katika miaka hiyo maji ya maziwa ya Naivasha, Nakuru na Baringo yalipanda na kuzamisha mashamba na makazi, ukiwemo mtaa wa Kihoto, Naivasha.

Msiba wa ghafla huonekana na huletewa blanketi. Hasara ya polepole haina kamera wala mchango, nayo huumiza vilevile. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao la maua ya pareto, na bodi yake ilikuwa na makao Nakuru. Sekta hiyo ilipoporomoka, wakulima wa Molo na Kuresoi walikaa miaka wakisubiri malipo, wengine wakaing'oa mimea na kupanda viazi. Baba aliyesomesha watoto kwa maua yale akajikuta anakopa ili kununua mbegu. Hasara inayochanganyika na fedheha, na isiyo na njia ya kutokea, huzaa sonona kwa urahisi kuliko hasara tupu.

Uchunguzi wa George Brown na Tirril Harris huko London, uliochapishwa mwaka 1978, unasaidia kueleza kwa nini msiba uleule humlaza mmoja na kumwacha mwingine. Wanawake waliopatwa na mkasa mzito waliugua zaidi kama hawakuwa na mtu wa kumweleza siri ya moyo, kama walifiwa na mama kabla ya miaka 11, kama walikuwa na watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 14 nyumbani, au kama hawakuwa na kazi ya nje. Mama aliyehamia Karagita, Naivasha, kutafuta kibarua cha maua, ndugu zake wakiwa mbali, anaweza kuwa na mshahara, lakini mtu wa kumsikiliza hana. Hilo lingestahili kupimwa pamoja na presha yake. Kujifungua pia ni kipindi cha hatari: duniani, zaidi ya mwanamke 1 kati ya 10 hupata sonona akiwa mjamzito au baada ya kuzaa.

Wakati mwingine chanzo kimo mwilini. Tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, upungufu wa damu, kisukari, kiharusi, virusi vya Ukimwi na baadhi ya dawa, zikiwemo steroidi, vinaweza kuleta sonona au kufanana nayo. Kwa hiyo vipimo si vya kutupwa. Kosa ni kuishia hapo. Mtabibu humuuliza mgonjwa maswali mawili: je, kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku? Je, vitu alivyovipenda bado vinampa raha? Jibu likionyesha tatizo, huuliza waziwazi kuhusu fikra za kujiua, na kuuliza huko hakumpandikizii mtu wazo hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba, hivyo mgonjwa ana sababu moja pungufu ya kunyamaza. Mwenye fikra hizo haachwi peke yake, na huduma hutafutwa siku hiyohiyo.

Ushauri nasaha hutosha kwa sonona nyepesi. Inayozidi huweza kuhitaji dawa pia, na Hospitali ya Gilgil ina wodi za wagonjwa wa akili kwa wanaohitaji kulazwa. Mara nyingi usingizi na hamu ya chakula hurudi kwanza, na moyo huchukua wiki kadhaa kufuata. Wengi huacha vidonge katika kipindi hicho, tumbo likiwa limetulia na mgongo umenyooka. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa ziendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha zipunguzwe polepole chini ya uangalizi wa mtabibu.