Umenunua Yoti Kuukuu? Anzia Chini ya Sakafu

Baadhi ya yoti zinazouzwa pwani hii, iwe Kilifi, Mtwapa au Tanga, hazikuletwa zije ziuzwe. Zilikuja kwa tanga kutoka mbali, mwenyewe akazeeka, akaugua au akapenda nchi kavu, chombo kikabaki kwenye boya kikingoja mteja. Na mteja siku hizi si lazima awe mgeni. Anataka chombo cha fiba cha mita 10 au 11, chenye jiko, vitanda na injini ya dizeli, afike Pemba au Mafia kwa raha zake. Akishalipa, wiki ya kwanza hununua sola, skrini ya ramani na magodoro mapya. Injini, tangi na matundu ya maji husubiri mpaka viharibike vyenyewe. Mpangilio huo ugeuzwe.

Chukua injini inayokutwa mara nyingi kwenye vyombo vya miaka ya 1970 na 1980, Perkins 4.108 ya Uingereza: silinda nne, jumla ya inchi za ujazo 108, kama lita 1.76. Ni ngumu, spea zake bado zinapatikana, na kuvuja oili kidogo upande wa nyuma ni tabia yake. Muuzaji akikuapia kwamba haivuji hata tone, chomoa kijiti uone kama ina oili.

Injini ya namna hii huuawa na joto na chumvi kabla ya umri. Maji ya bahari ya kuipoza huvutwa na pampu ndogo yenye impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Ikizunguka kavu kwa muda mfupi tu, mapezi hukatika. Fundi wa haraka huchomoa mbovu, hupachika mpya, hudai chake. Fundi wa kweli huilaza ile mbovu mezani na kuhesabu mapezi. Likikosekana moja, limesafiri na maji na kukwama kwenye vijibomba vya kipoza joto, na injini itachemsha tena hata kwa impela mpya. Kifungue kipoza joto, kipande kitafutwe mpaka kionekane. Kama kina kijiti cha zinki ndani, kikishaliwa nusu kibadilishe. Kisha kagua kiwiko cha ekzosi, pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi. Huoza kwa ndani huku nje kimepakwa rangi safi, na siku kikitoboka ndani, maji hupata njia ya kurudi kwenye silinda.

Ninachokiogopa zaidi, hata hivyo, ni tangi la dizeli. Chombo kikikaa muda mrefu kwenye boya na tangi nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone, maji hutulia chini, na vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, vikaacha tope jeusi. Horini kukiwa shwari tope limelala, injini inanguruma vizuri, mnunuzi anatabasamu. Siku ya kusi anatoka mlango wa bahari, mawimbi yanatikisa tangi, tope linapanda, filta inaziba, injini inazima miamba ikiwa kulia na kushoto. Watu husema ni mkosi. Mkosi gani, na uchafu ulikuwamo siku zote?

Kumwaga kemikali na kuomba Mungu hakutoshi. Nyonya mafuta yote, tangi lifunguliwe, uingize mkono na tambara ulitoe tope. Kisha funga filta mbili za awali zenye bakuli la kuonea maji na valvu ya kuhamishia, ili moja ikiziba uende ya pili bila kuzima injini. Huo ndio uboreshaji wa kwanza ninaoukubali. Jifunze pia kutoa hewa mwenyewe: legeza boliti juu ya filta, sukuma kikono cha pampu ya mafuta mpaka mapovu yaishe, kaza. Kwenye Perkins hii kuna wakati kikono hulegea tu, hakisukumi kitu. Huenda pampu ni nzima, ila kemu imesimama pabaya; zungusha injini kidogo, ujaribu tena. Usikubali kuuziwa pampu mpya kabla ya hapo.

Matundu ya chini ya maji hayana mzaha. Valvu ikiwa ya shaba ya njano badala ya bronzi, chumvi huila zinki iliyomo na kuacha madini dhaifu yenye rangi ya waridi. Ikwaruze kwa kisu. Ukiona waridi, itoke. Hapa pwani yetu ina neema yake. Bamvua hushusha maji zaidi ya mita 3, na kupwa kwake huangukia mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo chombo chenye mkuku mrefu huegemezwa mchangani kama majahazi yalivyofanyiwa tangu zamani, ukabadilisha valvu na zinki ya shafti. Spea zote ziwe mkononi tangu jana yake, maana bahari haimngoji fundi aliyekwenda dukani kutafuta klipu. Sili ya shafti iliyo ya kamba iache itone matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka. Anayeikaza mpaka ikauke anaichoma shafti.

Sasa sola, ruhusa. Taa za LED pia, na nyaya zilizogeuka nyeusi zitolewe zote. Tahadhari ni kwenye betri za lithiamu: hupokea karibu umeme wote zinaopewa, na alteneta ya zamani, iliyozoea kupumzika betri ya asidi ikikaribia kujaa, hukosa pumziko ikaungua. Weka chaja maalumu kati ya alteneta na betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Skrini ya ramani inaweza kungoja mwaka.

Na kama bado hujalipa, mwambie muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, iguse kwanza. Ikiwa ya moto, rudi kesho alfajiri.