Pikipiki yako inakataa kuwaka? Tafuta sababu, lakini jilinde



Umeweka akiba miezi mingi, ukanunua pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Wiki ya kwanza ilikwenda vema. Leo alfajiri unataka kuwahi kazi, unapiga kiki mara 20, haiwaki. Usikasirike, wala usianze kufungua kila buloni. Injini ni kama mgonjwa: mbele ya kumpa dawa, muulize anaumwa wapi.

KWANZA, ITOE NJE

Wengi wetu tunalaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Asubuhi tunaijaribu humo humo, mlango umefungwa, watoto wamelala. Hii ni hatari ya kifo! Moshi wa injini una gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika. Wengine wanadhani ni malaria. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Ukiona dalili hizo, toa watu wote nje kwenye hewa safi, zima injini, wapeleke hospitali upesi. Chini ya mgodi kuna vantilateri za kusukuma hewa. Ndani ya nyumba yako hakuna.

Tena, mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama. Kwa hiyo: hakuna mbabula, hakuna sigara, hakuna kibatari karibu. Usivute esansi kwa mdomo, na usiiweke katika chupa ya kunywea. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

KWA NINI HAIWAKI?

Injini inataka vitu 4: esansi, hewa, cheche ya moto, na nguvu ya kukandamiza hewa ndani ya silinda. Fuata njia hii, hatua kwa hatua.

1. Tazama mambo madogo. Je, gia ziko huru? Kitufe cha kuzima injini kimeachiliwa? Robine ya esansi imefunguliwa? Esansi si ya zamani?

2. Batri. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia na kusikia « tik tik » tu, taa nayo ikififia, batri imechoka au nyaya zake zimelegea. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12,6.

3. Buji. Injini ikiwa imepoa, ifungue uitazame. Rangi ya kahawia: ni nzuri. Nyeusi na kavu kama masizi: esansi ni nyingi au filtri ya hewa ni chafu. Nyeusi yenye mafuta: mafuta ya injini yanapita hadi juu ya pistoni. Imelowa esansi: esansi inafika, lakini cheche ni dhaifu au injini imezama. Kavu kabisa baada ya kiki nyingi: esansi haifiki, tazama robine, filtri, karbirateri, na tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi.

Usijaribu cheche karibu na tundu la buji wala karibu na tangi. Usishike waya kwa mkono mtupu: umeme wake ni maelfu ya volti.

4. Kiki inashuka laini, bila kukupinga? Injini haikandamizi. Fundi atatia kijiko kidogo cha mafuta ya injini ndani ya silinda. Nguvu ikirudi, segmenti za pistoni zimekwisha. Isiporudi, tazama supapu.

SAUTI INASEMA NINI?

Kila mara anza kwa kupima mafuta ya injini. Mafuta yakipungua, vyuma vinasagana.

« Tik tik » nyepesi kutoka juu: mara nyingi supapu zinataka kurekebishwa, injini ikiwa baridi. Mlio wa mnyororo unaotetemeka upande mmoja wa injini: kikazia mnyororo wa ndani kimechoka. Kugonga wakati wa baridi, kisha kunapungua injini ikipata joto: pistoni ina nafasi kubwa ndani ya silinda. Lakini kugonga kuzito kutoka chini, « gong gong », kunakozidi ukipanda mlima: biele imechoka. Zima mara moja, usukume pikipiki hadi kwa fundi. Biele ikivunjika njiani, gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafula, nawe unaanguka mbele ya lori.

Ukisikiliza injini inayozunguka, funga mikono ya shati, wala usiguse bomba la moshi.

Baba, mama, kazini tunavaa kofia na buti bila kusahau. Usalama usiuache kwenye geti la kampuni. Uende nao mpaka nyumbani.