Nguruwe wa Mbulu na Hanang: Ulimi pekee hautoshi

Mchuuzi wa nguruwe anayezunguka Gendabi na vijiji vingine vya Hanang na Mbulu hununua mnyama hai, asijue ndani kuna nini. Kinga iliyozoeleka ni kumlaza chini, kuvuta ulimi na kupapasa vivimbe vya tegu. Haigharimu kitu, ila hunasa zaidi wale wenye vivimbe vingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima hivyohivyo nguruwe 770 wilayani Mbulu, na asilimia 17.4 wakakutwa navyo. Wengine, bila shaka, walipita.

Mkaguzi akikuta nyama imejaa vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, huizuia isiuzwe, na mtaji umekwenda. Moto huua vimelea hivyo, lakini kitimoto yenye wekundu katikati humpa mlaji mnyoo wa tegu. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu au maji, viluwiluwi huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa, hata kwa asiyegusa nyama ya nguruwe. Nguruwe naye huyaokota anapozurura vichakani. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu, kabla ya kushika ulimi, hutazama kama kuna banda, na kama kaya ile ina choo.