Njia za Baisikeli katika Nchi ya Uholanzi

Mtu afikaye leo Uholanzi hustaajabu kuona wakubwa kwa wadogo, mama na watoto wao, wanafunzi, hata wazee, wote juu ya baisikeli, au kinga kama tusemavyo huku Kongo. Hudhani kwamba desturi hiyo haikukatika kamwe. Sivyo. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 motokari zilizidi kuwa nyingi, mitaa ikapanuliwa kwa ajili yake, na baisikeli zikasukumwa pembeni. Katika mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na kati yao watoto zaidi ya 400.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa Vic Langenhoff, mwandishi wa De Tijd, gazeti la Wakatoliki. Baba huyo hakunyamaza na huzuni yake. Mwaka 1972 aliandika makala yenye kichwa kikali, maana yake: Komesheni mauaji ya watoto! Wazazi wengi wakamwitikia, kikaundwa chama chenye jina hilohilo, na Maartje van Putten akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Wakafunga mitaa ili watoto wapate kucheza. Mwaka 1973, mafuta yalipokuwa haba, serikali ilikataza motokari siku za Dominika, na watu wakaonja tena utulivu wa zamani.

Halafu serikali ikatoa fedha, na miji ya Tilburg na The Hague ikatengeneza kila mmoja njia moja nzuri ya baisikeli. Wenye maduka walinung'unika. Tusiwacheke, kila mtu huogopea riziki yake. Lakini faida ilikuwa ndogo: wengi waliopita humo walikuwa wale wale waliohama njia nyingine. Ndipo mji wa Delft ulipojaribu namna nyingine. Haukujenga njia moja ya fahari, bali uliunganisha njia nyingi, kubwa kwa ndogo, pamoja na madaraja, hata mtu aweze kutoka nyumbani mpaka shuleni au sokoni pasipo kukatikiwa na njia. Hapo wapanda baisikeli wakaongezeka kweli.

Siku hizi njia hizo mara nyingi zina lami nyekundu, nazo zimetengwa na motokari kwa ukingo. Huko Utrecht, penye stesheni ya treni, tangu 2019 pana mahali pa kuwekea baisikeli 12,500. Na watoto waliokufa barabarani katika nchi nzima mwaka 2010 walikuwa 14.