Je, wajua? Sauti hufichua kidonda cha msumari ndani ya ng'ombe
Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo. Huzoa majani kwa ulimi, akatafuna kidogo, akameza; kazi kubwa ataifanya baadaye akicheua. Kwa hiyo ng'ombe anayelishwa kando ya barabara kuu Korogwe, au karibu na nyumba zinazojengwa Handeni, aweza kumeza msumari au kipande cha waya wa kufungia nondo bila kujua.

Chuma ni kizito, nacho hunasa katika tumbo la pili, retikulamu, lenye vyumba vidogo kama sega la nyuki. Tumbo hilo hujikaza takriban mara moja kila dakika. Mbele yake kuna kiwambo, kisha moyo, sentimita chache tu. Kila likijikaza, ncha husogea.

Mfugaji huona mgongo uliopinda, viwiko vilivyotanuka, maziwa yaliyokata ghafla. Ng'ombe huguna akishuka mteremko, na mwili una homa. Ni rahisi kudhani ni ndigana, sindano zikaanza.

Hapo ultrasaundi husaidia sana. Daktari wa mifugo hunyoa manyoya chini ya kifua, hupaka jeli, kisha hukandamiza kichwa cha mashine katikati ya mbavu. Kichwa hicho hutoa mawimbi yanayotetema mara milioni 3.5 hivi kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia 20,000. Mwangwi unaorudi hugeuzwa picha.

Msumari wenyewe mara nyingi hauonekani, kwani gesi ya tumboni huzuia sauti. Kuuona kunahitaji eksirei. Kinachoonekana ni madhara yake: jipu, retikulamu iliyogandamana na kiwambo, mikazo iliyofifia. Maji yakiuzunguka moyo, mshipa wa shingo ukafura na kidari kikavimba, dawa ni nadra kusaidia.

Tatizo likijulikana mapema, ng'ombe humezeshwa sumaku ikakishika chuma, naye hupewa antibayotiki. Kwa mfugaji jibu la ultrasaundi ni pesa, maana ng'ombe aliyechomwa antibayotiki hapaswi kuchinjwa hadi dawa iishe mwilini. Akibahatisha kwa wiki mbili, hupoteza maziwa, dawa na nyama pia.

Zipo mashine ndogo za betri zinazotumika kupima mimba za ng'ombe. Bwana mifugo akija na mojawapo bomani, aombwe aipitishe pia kifuani mwa yule aliyekata maziwa ghafla.