Kaya Kinondo: Miiko Iliyotangulia Sheria (Sehemu ya Tatu)

Kaya Kinondo ni msitu wa hekta 30 hivi, kusini mwa ufuo wa Diani katika Kaunti ya Kwale, Kenya, ulioota juu ya mwamba wa matumbawe. Asili ya kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale yaliyozungukwa na msitu, na masimulizi ya Shungwaya, nchi wanayosema walitokea, yamekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia. Linalobaki ni kujua kwa nini msitu huu umesimama ilhali vichaka jirani vimegeuka hoteli na ploti.

Umesimama kwa mwiko. Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, walipotoka kayani na kutawanyika vijijini, makaburi ya wazee yalibaki humo, fingo, yaani kago la kuilinda kaya, likabaki limezikwa, na ngambi, yaani baraza la wazee, iliendelea kuingia kuomba mvua na kuondoa maradhi. Mti haukukatwa. Aliyekata alitozwa kuku au mbuzi wa kuchinjwa ili kuitakasa kaya. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na bado wazee hawakuliacha jukumu hilo, uaminifu unaostahili kusomeshwa shuleni. Hadi leo mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na hata jani.

Wataalamu walifika baadaye. Katika miaka ya 1980 Ann Robertson alianza kuorodhesha mimea ya kaya, na ripoti aliyoiandika pamoja na Quentin Luke kuhusu misitu ya Pwani ilitoka mwaka 1993. Kaya nyingi za Kwale zilitangazwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaitia Kinondo katika Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Heshima hizo zinastahili, ila zilikuta kazi imekwisha kufanywa na watu wasiolipwa.

Tena karatasi pekee haitoshi. Kisiwa cha Chale nacho ni kaya ya Wadigo, na leo kina hoteli. Wala bustani ya hoteli haishiki nafasi ya msitu. Mbega wa Angola, ambaye nchini Kenya makao yake makuu ni pwani ya kusini, anategemea majani ya miti ya asili. Msitu ukikatikakatika, mbega hulazimika kuvuka barabara ya Diani, ndiyo maana zimetundikwa ngazi za kamba juu yake. Hata mwarobaini, mti unaosifiwa kila nyumba, ni mgeni unaovamia misitu hii na kuisonga miche ya kienyeji.

Sasa barabara ya Dongo Kundu imefika Kibundani, huku Kwale, na gari linatoka Mombasa bila kusubiri feri ya Likoni. Bei ya ardhi itapanda, na tamaa pamoja nayo. Serikali ya Kaunti ya Kwale iweke vigingi vya mipaka vinavyoonekana katika kila kaya, na iwalipe posho wazee wanaolinda. Mwenye ploti inayopakana na msitu naye awaone wazee kabla ya kumwita mpima ardhi.